“Kila ninachokigusa kinakufa”: mtoto aliyefiwa, na kopo la maharage

“Binti yangu ana miaka 8. Mama yangu mzazi, tuliyeishi naye na aliyemlea binti huyu tangu akiwa mchanga, alifariki miezi mitano iliyopita baada ya kuugua. Tangu hapo mtoto amebadilika. Haongei sana, anakasirika kwa vitu vidogo, na asubuhi za shule analalamika tumbo linamuuma. Nilisoma mahali kwamba bustani huwasaidia watoto wenye huzuni, nikatafuta makopo mawili na mbegu za maharage. Wiki za mwanzo alifurahi mno, akawa anamwagilia asubuhi na jioni bila kukumbushwa. Kisha miche yote ikalegea pale karibu na udongo, ikaanguka. Alilia, akalibamiza kopo moja chini, akasema, ‘Kila ninachokigusa kinakufa.’ Niliumia sana. Usiku nikaomba miche mingine kwa jirani, nikaipanda kwenye kopo lililobaki. Asubuhi akaniuliza, ‘Ni ile ile?’ Nikamwambia ndiyo. Tangu siku hiyo halisogelei kopo. Je, nimemdhuru? Niendelee au niache? Kuna mimea inayomfaa zaidi mtoto mwenye majonzi? Dada yangu anasema udongo wenyewe una vijidudu vinavyoleta furaha. Mume wangu anasema huo ni mchezo tu, mtoto apelekwe kwa mtaalamu. Na mdogo wake wa miaka 4 naye anataka kopo lake.”

Pole sana, mama. Umempoteza mzazi, na katika majonzi yako mwenyewe bado umepata nguvu ya kumtafutia mtoto msaada. Umeuliza mambo mengi yaliyofungamana: kama bustani inasaidia kweli, kama ulikosea kubadilisha miche, na kama binti anahitaji msaada mkubwa kuliko wa kopo la maharage. Nitayajibu yote, ila naomba tuanze na ile sentensi yake, maana ndiyo iliyobeba mzigo.

Mtoto wa miaka 8 anaposema “kila ninachokigusa kinakufa”, huenda haongelei maharage peke yake. Kati ya miaka 5 na 7 hivi watoto wengi huanza kuelewa mambo makubwa kuhusu kifo: kwamba aliyekufa harudi, kwamba mwili wake hausikii tena baridi wala njaa, na kwamba kila chenye uhai kitakufa siku moja. Kinachowachanganya kwa muda mrefu zaidi ni sababu. Mtoto anaweza kujua kabisa kwamba bibi hatarudi, na bado moyoni akaamini kuwa yeye ndiye aliyesababisha: siku ile alimjibu vibaya, siku nyingine alikataa kumpelekea maji, usiku fulani alitamani bibi aache kukohoa ili yeye alale. Mawazo kama haya hayasemwi, kwa sababu kwa mtoto kuyasema ni sawa na kukiri kosa. Halafu anapewa miche, anaipenda, anaihudumia kwa moyo wake wote, nayo inakufa mikononi mwake. Kwake yeye huo ni ushahidi.

Kutoka mbali siwezi kujua kama ndivyo ilivyo kwa binti yako, lakini ndilo jambo la kwanza ambalo ningelichunguza. Najua utavutwa kumjibu haraka: “Usiseme hivyo, wewe ni mtoto mzuri.” Jibu hilo linafunga mlango kabla hujajua kilichomo ndani. Chagua wakati mikono yenu ina kazi na macho hayatazamani, mnakunja nguo au mnachambua mbegu, umwulize kwa sauti ya kawaida, “Unadhani bibi alikufa kwa sababu gani?” Kisha unyamaze. Akikaa kimya kwa muda mrefu usimjazie maneno. Akisema “sijui”, mwambie kwamba hata wewe kuna siku unajiuliza, na kwamba mnaweza kulizungumza siku nyingine.

Akikupa nafasi, mweleze ukweli kwa maneno mepesi: bibi aliugua nini, ugonjwa huo ulikuwa kwenye kiungo gani, ulifanya nini mwilini mwake, na kwamba madaktari walijaribu wakashindwa. Taja jina la ugonjwa. Kisha useme lile analolihitaji zaidi: hakuna neno alilolisema wala wazo alilowaza linaloweza kumpa mtu ugonjwa ule. Epuka kusema bibi “amelala” au “amesafiri”. Watu wazima husema hivyo kwa huruma, lakini mtoto anaweza kuanza kuogopa kulala, au kungoja msafiri asiyerudi.

Sasa maharage yenyewe, kwa sababu nayo yana sababu ya kufa, na sababu hiyo inaweza kumsaidia.

Maelezo yako yananipa picha inayotosha: makopo, maji mara mbili kwa siku, miche iliyolegea pale shina linapotokea kwenye udongo. Yaelekea makopo hayakuwa na matundu ya kutosha chini, maji yakatuama. Mizizi nayo huhitaji hewa. Huipata katika nafasi ndogo zilizo kati ya chembe za udongo, na maji yakizijaza nafasi hizo, mizizi hukosa hewa na kuoza. Udongo uliolowa muda wote pia huwapa nafasi vimelea vya jamii ya kuvu vinavyoshambulia shina changa usawa wa ardhi. Shina hukonda mahali hapo, hugeuka kahawia, na mche uliokuwa umesimama jana unalala chini leo. Wakulima wenye vitalu huuita ugonjwa huu kinyausi, na hata wenye uzoefu wa miaka mingi hupoteza miche kwa ugonjwa huo.

Kama miche iliyokufa haijatupwa mbali, ichunguzeni pamoja. Kama imeshapotea, bado mnaweza kufanya jaribio dogo. Tafuta vikombe viwili vinavyofanana, kimoja ukitoboe matundu manne au matano chini, kingine ukiache. Udongo ule ule, mbegu tano tano, kiasi kile kile cha maji kila siku. Maharage huchukua kama siku 5 hadi 10 kuota. Baada ya wiki mbili hivi, ng’oeni mche mmoja kutoka kila kikombe, mkaisuuze mizizi kwenye bakuli la maji. Mzizi wenye afya ni mweupe na mgumu kiasi ukiugusa. Mzizi uliooza ni wa kahawia, unateleza, na ukiuvuta taratibu ngozi ya nje inavuka na kubaki kiuzi cha katikati. Udongo wa kikombe kisicho na matundu utakuwa na harufu ya kitu kilichovunda. Mpe yeye anuse. Watoto wa umri huu huliamini sana jambo walilolinusa wenyewe.

Hapa kuna mtego, na naomba uuangalie sana. Ukimwambia, “Unaona, uliyamwagilia maji mengi mno,” umeithibitisha hofu yake: ni yeye aliyeua. Ukweli wote ni huu: kama kopo lilikosa matundu, kutoboa matundu ni kazi ya mtu mzima. Pia hakuna aliyemfundisha namna ya kujua kwamba udongo umeshiba maji. Mfundishe sasa. Achomeke kidole mpaka kwenye pingili ya kwanza. Akisikia ubaridi na unyevu, leo hakuna kumwagilia. Akisikia ukavu, amwagilie mpaka maji yaanze kutoka chini, kisha aache. Mtoto aliyejua kumwagilia tu sasa amejua pia lini asimwagilie, na amekijua kwa kidole chake.

Kuhusu ile miche ya jirani: hujamdhuru mtoto kwa namna isiyorekebishika. Ulifanya vile kwa uchungu. Lakini alikwisha kujua, ndiyo maana akauliza, na ndiyo maana halisogelei kopo. Mtoto aliyefiwa hupima jambo moja kwa watu waliobaki: je, kuhusu kifo wananiambia ukweli? Kwa hiyo usiliache lipite. Mwambie kwa maneno machache, bila kumfanya akubembeleze: “Nilikudanganya kuhusu ile miche. Yako ilikufa. Nilikuona unalia, nikaogopa, nikapanda mingine. Ulipaswa kuambiwa ukweli, na kuanzia sasa nitakuambia.” Akikasirika, mwache akasirike. Hasira hiyo ni halali, na ni afadhali aitoe mbele yako kuliko aimeze akaenda nayo shuleni. Akitaka kuizika miche yake, izikeni, mbali na udongo mtakaopandia tena, maana vimelea hubaki. Usimwambie kwamba maharage yamekwenda alikokwenda bibi. Yeye mwenyewe akiliunganisha, msikilize tu.

Nije kwenye hoja ya dada yako. Habari ya vijidudu vya furaha ina chanzo cha kweli, ila imekuzwa sana. Mwaka 2007 kundi la watafiti lilichapisha matokeo kuhusu bakteria wa udongo aitwaye Mycobacterium vaccae. Panya waliodungwa bakteria hao, tena waliokwisha kuuawa, walionyesha mabadiliko katika chembe za ubongo zinazotumia serotonini, kemikali inayohusika na hali ya moyo. Ni utafiti wa kuvutia. Lakini kutoka kwa panya aliyedungwa sindano hadi kwa mtoto anayechezea udongo ni safari ndefu, na hakuna anayeweza kukuahidi kwamba kushika udongo kutaondoa majonzi ya binti yako. Nalisema hili kwa sababu mzazi akiamini udongo wenyewe ni dawa, humpa mtoto kopo akaondoka, akingoja dawa ifanye kazi.

Mume wako naye ana nusu ya ukweli. Mtoto anaweza kuhitaji mtaalamu, na nitalieleza hilo hapa chini. Ila neno “tu” katika “mchezo tu” silikubali. Mtoto huyafanyia kazi mambo mazito kwa mchezo na kwa mikono yake, kwa sababu maneno ya kuyabeba bado hana. Kumwona mtaalamu na kupanda mbegu havigombani. Wapo wataalamu wanaozitumia mbegu hizo hizo chumbani mwao.

Basi bustani inasaidiaje? Jibu langu naliegemeza kwenye utafiti ambao hata haukuwahusu watoto. Mwaka 1976 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Ellen Langer na Judith Rodin, walifanya jaribio katika nyumba ya kutunzia wazee. Wazee wa kundi moja waliambiwa kwamba mambo mengi ya maisha yao pale wanaweza kuyaamua wenyewe, wakachagua mmea na kukabidhiwa wautunze. Kundi la pili nao walipewa mimea, lakini wakaambiwa wauguzi ndio watakaoimwagilia. Majuma machache baadaye, wale wa kundi la kwanza walionekana wachangamfu zaidi na wenye kushughulika zaidi. Utafiti huo ulikuwa mdogo, na wazee wale walipewa uamuzi katika mambo mengine pia, kwa hiyo siufanyi kuwa sheria. Ila uone tofauti ilipolala: makundi yote mawili yalikuwa na mimea. Lililotofautiana ni nani mwenye mamlaka juu yake.

Hapo ndipo bustani inapomgusa mtoto aliyefiwa. Kifo cha bibi kilimtokea bila yeye kuulizwa. Watu wazima waliamua lini aambiwe, aende wapi, avae nini, arudi shule lini. Kopo la udongo ni sehemu ndogo ya dunia ambayo uamuzi wake unaleta matokeo anayoyaona kwa macho. Ndiyo maana ninakuomba mamlaka hayo yawe ya kweli. Achague mbegu. Achague mahali pa kuweka kopo, hata kama wewe unaona kuna mahali pazuri zaidi. Friedrich Fröbel, aliyeanzisha shule ya kwanza ya chekechea huko Ujerumani mwaka 1837, aliwagawia watoto vipande vyao vya bustani, kila mmoja chake, kando ya sehemu ya wote. Mpangilio huo bado naupenda: kimoja changu, kingine chetu.

Ukimbadilishia mche kwa siri, au ukiumwagilia yeye akiwa amelala ili usife, unamnyang’anya mamlaka hayo bila kukusudia. Mche unapona, lakini si yeye aliyeuponya.

Jambo la pili ni kukaa bega kwa bega. Ukimkalisha mtoto mwenye huzuni mbele yako na kumwuliza “unajisikiaje”, wengi hujibu “vizuri” na kuomba kuondoka. Mkiwa mmechuchumaa upande mmoja, macho yenu yote kwenye udongo, maneno hutoka yenyewe, mara nyingi pale usipoyategemea, katikati ya habari za mdudu. “Huyu mdudu ana mama?” linaweza kuwa swali la biolojia au linaweza kuwa swali la msiba. Jibu la biolojia kwanza, kwa ukweli, kisha subiri kidogo uone kama kuna linalofuata. Ukilirukia na kusema “unamfikiria bibi, eeh?”, mara nyingi atarudi ndani ya gamba lake.

La tatu ni mwili wenyewe kutulia. Watafiti wawili wa Uholanzi, mwaka 2011, waliwapa watu wazima 30 kazi ya kuwatia msongo, kisha wengine wakafanya kazi za bustani kwa dakika 30 na wengine wakasoma ndani. Kotisoli, homoni ya msongo, ilishuka kwa makundi yote mawili, lakini ilishuka zaidi kwa waliokuwa bustanini. Kwa watoto, utafiti wa mwaka 2003 uliowahusu watoto 337 wa vijijini katika jimbo la New York ulikuta kwamba wenye miti na majani mengi karibu na nyumbani hawakuathirika sana na matukio magumu ya maisha kama wenzao. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja, hauthibitishi kwamba moja limeleta jingine. Na kuhusu bustani na msiba wa mtoto hasa, ushahidi bado ni mdogo. Ninaipendekeza kwa sababu ni salama, inaeleweka inavyofanya kazi, na inampa mzazi na mtoto mahali pa kukutana. Sikuahidi zaidi ya hapo.

Je, uendelee? Ndiyo, lakini baada ya kumwambia ukweli kuhusu miche, na akikubali mwenyewe. Akikataa, acha mbegu mahali anapoziona na wewe uoteshe zako. Usimwite. Watoto wengi hurudi wakiona mtu mzima anafanya kazi kwa utulivu bila kuwavuta. Asiporudi, si kila mtoto ni wa bustani. Kuchora, kupika na mtu mzima au kutunza mnyama kunaweza kumpa mambo yale yale.

Kuhusu mimea, hakuna mmea wa huzuni. Ila kwa mtoto aliyekwisha kuona miche ikifa ningeanza na kitu chenye haraka na kisicho na makeke. Figili huota ndani ya siku 3 hadi 7, na aina za mapema huwa tayari kuvunwa katika wiki nne hivi. Vikonyo vya mnanaa vikiwekwa kwenye glasi ya maji hutoa mizizi ndani ya wiki moja au mbili, na mtoto anaiona ikitoka siku hadi siku kupitia kioo. Tena mnanaa ukikatwa huchipua upya. Alizeti ni mzuri kwa anayependa kupima urefu wake na wa mmea, ila maua yake huja baada ya miezi miwili au mitatu, kwa hiyo usiwe mmea wake wa kwanza. Na kuna kifaurongo, ambao ukiugusa majani yake hujikunja papo hapo, kisha yakafunguka tena baada ya dakika kadhaa. Sijaona mtoto asiyetaka kuugusa mara ya pili. Una miiba midogo, basi mwonyeshe mahali pa kugusa, na msiusumbue kutwa nzima.

Chochote mtakachochagua, apande mbegu nyingi, kumi au kumi na tano, kamwe si moja. Mbegu fulani hazitaota na miche fulani itakufa hata kwenye mikono ya mkulima hodari, na ni vizuri mwanzoni kabisa umwambie hivyo: “Tunapanda kumi, labda saba zitaota. Ndivyo mbegu zilivyo.” Kwa sababu hiyo hiyo usiufanye mmea mmoja kuwa kumbukumbu ya bibi. Familia nyingi hufanya hivyo kwa upendo, wakaupa mmea hata jina la marehemu, na mmea ukifa mtoto anafiwa mara ya pili. Kama bibi alikuwa na mmea aliopenda na binti anautaka, gawanyeni vipandikizi vitano, kimoja kikae kwake, vingine kwa ndugu na kwa jirani yule aliyekupa miche.

Dakika kumi au kumi na tano kwa siku zinatosha, kwa saa ile ile kila siku ikiwezekana. Nyumba iliyotoka msibani huwa imepoteza ratiba zake nyingi, na jambo dogo linalojirudia kila asubuhi humtuliza mtoto hata asipolifurahia. Usigeuze bustani kuwa somo la sayansi lenye maswali na alama. Usimpe kupalilia kama adhabu siku aliyokosea. Usipige picha kila jani na kuwatumia ndugu. Na zile siku anapochimba kwa hasira, akipigapiga madongoa, mpe nafasi pasipo na mimea na umwache apige. Hilo nalo ni kazi halali ya udongo.

Kwa usalama, mambo ni machache: anawe mikono kwa sabuni baada ya kazi, chanjo yake ya pepopunda iwe haijapitwa na wakati, na asile maharage mabichi, maana yana sumu inayoondoka yakichemshwa vizuri. Kama kuna mbarika, mtipitipi au oleanda karibu na nyumba, mfundishe kutozitia kinywani mbegu wala majani yake. Mbegu za mbarika na za mtipitipi zinaweza kuua.

Sasa suala la mtaalamu. Huzuni ya mtoto huja na kuondoka. Analia, dakika kumi baadaye anacheka na wenzake, na watu wazima hudhani amesahau. Hiyo ni kawaida. Tumbo la asubuhi za shule ni jambo la kawaida pia kwa mtoto mwenye majonzi au wasiwasi, na maumivu hayo anayasikia kweli, haigizi. Hata hivyo daktari amwone kwanza ili sababu ya mwilini isipuuzwe. Zungumza na mwalimu wake vilevile. Huenda kuna mtoto mwenzake anayemkera, au huenda anaogopa kwamba akiwa shuleni wewe nawe utakufa. Hofu hii ya pili ni ya kawaida mno baada ya msiba wa nyumbani, na mtoto hufarijika akielezwa wazi nani atamtunza kama wewe ukiugua.

Mpeleke kwa mwanasaikolojia wa watoto au mshauri nasaha aliyezoea watoto ikiwa kwa wiki mbili au zaidi ana huzuni au hasira sehemu kubwa ya siku, hacheki hata kwa alichokipenda, halali au hali vizuri, anakataa shule, amerudia mambo ya utotoni kama kukojoa kitandani, au anaendelea kujilaumu kwa kifo cha bibi hata baada ya mazungumzo yenu. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani huweka angalau miezi sita kabla ya kuita majonzi makali yasiyopungua kuwa ni tatizo la kiafya. Ninyi mko mwezi wa tano, na mtoto ana dalili zaidi ya moja, kwa hiyo ushauri wa mume wako usiuahirishe. Tafuteni miadi sasa. Kama mtaalamu atasema mtoto anaendelea vizuri, hamjapoteza kitu.

Kuna hali moja isiyongoja miadi. Mtoto akisema anataka kufa, anataka kumfuata bibi, au akianza kujiumiza, mtafutie msaada siku hiyo hiyo katika kituo cha afya kilicho karibu na usimwache peke yake. “Nataka kuwa na bibi” inaweza kuwa na maana ya “nimemkumbuka” tu, lakini mwulize waziwazi anamaanisha nini. Kumwuliza hakumpandikizii wazo hilo.

Utakapokwenda kwa mtaalamu mweleze habari ya maharage kama ulivyonieleza mimi, pamoja na ile sentensi yake, neno kwa neno. Itamsaidia kuliko orodha ndefu ya dalili. Na wewe mwenyewe, mama, omba nusu saa yako katika miadi hiyo. Mtoto huyasoma majonzi yako kila siku, na hakuna ubaya akikuona unalia, mradi aone pia kuna watu wanaokusaidia.

Mdogo wake mpe kopo lake, lenye matundu. Katika miaka 4 anaweza kuamini kwamba mche uliokufa utaamka kesho, na kwamba bibi naye atarudi. Mjibu kwa sentensi fupi ile ile kila atakapouliza, hata kama ni mara nyingi kwa siku. Mpe mbegu kubwa anazoweza kuzishika, kijiko, na chombo kidogo sana cha maji, kwa sababu atamwagilia kila anapopita. Mwombe dada yake amfundishe kupima udongo kwa kidole.